Mumiani, Kiumbe cha Frankenstein na Chombo cha Dzombo

Mumiani wa Pwani hana kasri. Hatoki kaburini usiku wa manane, hageuki popo, wala hakimbii alama ya dini yoyote. Katika masimulizi yaliyovuma kwetu tangu enzi za mkoloni, mumiani ni mtu wa kawaida aliyeajiriwa: ana mshahara, ana sindano, ana ndoo na mpira wa kupitishia damu, na yuko tajiri aliyemtuma. Nairobi na Kampala walimpa hata sare. Walimwita mzimamoto, wakiamini kwamba gari jekundu la kuzimia moto ndilo linalowabeba waliokamatwa njiani. Damu anayoinyonya haimshibishi yeye. Inapelekwa kutengenezewa dawa. Mwanahistoria Luise White aliyakusanya masimulizi ya aina hii katika Afrika Mashariki na Kati, akayatolea kitabu mwaka 2000, na ukiyapanga pamoja unaona kwamba hofu ya kale mno, ile ya kunyonywa damu ukiwa hai, imevishwa vifaa vya zahanati na vya serikali. Viondoe vifaa hivyo na hadithi haisimami tena. Wahakiki wa Ulaya wamejaza rafu za vitabu wakieleza jinsi riwaya ya kigothi, yaani ile ya kasri, kaburi na kitisho, ilivyokutana na riwaya ya kisayansi. Wazee wetu waliukutanisha ugothi na sayansi barazani, bila kuomba ruhusa ya mtu.

Ninachotaka kukitetea hapa ni kwamba muungano huo si pambo. Unaifanyia hofu kazi ambayo hakuna upande mmoja unaoiweza peke yake: unailazimisha imtaje mwenyewe. Riwaya ya kigothi ikiachwa ilivyo hutuletea kitisho kisicho na mdaiwa. Horace Walpole alipotoa The Castle of Otranto mwaka 1764, kitabu kinachohesabiwa kuwa cha kwanza cha mkondo huo, alianza na kofia kubwa ya chuma inayomwangukia bwana harusi na kumponda siku ya ndoa yake. Ilitoka wapi? Ni laana ya ukoo, dhambi za waliotangulia, na msomaji anaridhika. Riwaya ya kisayansi nayo ikiwa peke yake ina upungufu wa upande wa pili. Kila jambo lina chanzo na kanuni yake, ila ni nadra kumkuta mtu anayekosa usingizi kwa alichokifanya. Zikiunganishwa, kile kinachotisha kinakuwa na mtu aliyekitengeneza, chumba alichokitengenezea na usiku aliokimaliza. Mtu huyo anaweza kufuatwa na kuulizwa.

Mfano mkuu unajulikana. Mary Shelley alikuwa na umri wa miaka 18 alipoanza kuiwaza Frankenstein, katikati ya mwaka 1816, kando ya Ziwa Geneva nchini Uswisi. Mlima Tambora wa Indonesia ulikuwa umelipuka Aprili 1815, na vumbi lake likatanda angani hata Ulaya ikakosa kiangazi mwaka uliofuata. Mvua iliwafungia ndani yeye, Percy Shelley, Lord Byron na daktari kijana John Polidori, na Byron akataka kila mmoja atunge hadithi ya mizimu. Lakini mazungumzo ya siku hizo hayakuwa ya mizimu tu. Luigi Galvani wa Bologna alikuwa amekwisha kuichezesha kwa umeme miguu ya vyura waliokufa, na mpwa wake, Giovanni Aldini, mwaka 1803 aliunganisha betri na maiti ya George Forster, mtu aliyenyongwa katika gereza la Newgate jijini London. Taya likatetemeka, jicho moja likafunguka, mkono ukanyanyuka mbele ya watu. Maiti hiyo haikuibwa. Sheria ya Uingereza ya mwaka 1752 ndiyo iliyoruhusu miili ya wauaji walionyongwa itolewe kwa wapasuaji. Kwa hiyo kaburi na maabara vilikuwa vimeshikana mikono katika maisha ya kila siku kabla Mary hajashika kalamu. Tena yeye alikuwa na lake: mwaka 1815 alimpoteza mtoto mchanga, na katika shajara yake aliandika kwamba aliota mtoto huyo amekandwa karibu na moto, akarudiwa na uhai. Anayesema riwaya hii ni ya mawazo makavu ya kisayansi hajaufikiria msiba huo.

Kitabu kilitoka Januari 1818 bila jina la mwandishi. Tazama jinsi alivyovichanganya vitu. Victor Frankenstein anaanza ujanani kwa kusoma vitabu vya waganga na wanajimu wa kale, Cornelius Agrippa na Paracelsus. Kisha anaingia Chuo Kikuu cha Ingolstadt na kugeukia kemia na elimu ya viungo vya mwili. Mifupa anaiokota makaburini na nyama machinjioni. Chumba anachofanyia kazi kiko juu kabisa ya nyumba, kimetengwa na vingine, kwa hivyo mnara wa kigothi umegeuka maabara bila kuhama. Usiku mmoja wa Novemba kiumbe kinafungua jicho. Victor anafanya nini? Anakimbia akajifungie chumbani kwake. Katika riwaya za kigothi zilizotangulia, mtu hukimbia mzimu uliomkuta katika nyumba ya wengine. Huyu anakimbia kazi ya mikono yake, na kiumbe kinamfuata hadi milima ya barafu kikiwa na swali ambalo mzimu hauna haki ya kuliuliza: mbona uliniumba, kisha ukanitupa? Mwandishi Brian Aldiss, mwaka 1973, aliitaja Frankenstein kuwa ndiyo chimbuko la riwaya ya kisayansi, akashikilia pia kwamba utanzu huo ulizaliwa ndani ya umbo la kigothi. Naafiki, nikiongeza kwamba kilichozaliwa hasa ni swali hilo la kiumbe.

Yupo mhusika mwingine ambaye wasomaji wengi humpita haraka, na ambaye msomaji wa Kilifi hapaswi kumpita: Justine Moritz, mtumishi wa nyumbani kwa akina Frankenstein. Mdogo wake Victor anapouawa, picha ndogo ya marehemu mama yao inakutwa mfukoni mwa Justine, kwa kuwa kiumbe kimeiweka humo. Binti huyo anatishwa na padri wake kwa moto wa milele mpaka anakiri asilolitenda. Ananyongwa. Victor anaujua ukweli na ananyamaza, akichelea kuitwa mwendawazimu. Hapa ugothi unatoa hofu, umati na hukumu ya pupa. Sayansi inatoa ushahidi kwamba kulikuwa na chanzo kingine na mtu aliyekijua. Tutarudi kwa Justine.

Je, Pwani ya Malindi na Kilifi ina riwaya ya namna hii? Mandhari yapo, tena ya pande zote mbili. Gede, kama kilomita 16 kusini mwa Malindi, ni mji wa mawe uliohamwa katika karne ya 17, misikiti na majumba yake yakamezwa na msitu. Moja ya makaburi yake lina tarehe ya mwaka 802 wa Hijria, yaani 1399. James Kirkman, aliyeufukua kuanzia 1948, alikuwa mtu wa kupima kuta na kuhesabu vigae, na hata yeye aliandika kwamba siku za mwanzo alijihisi kama anatazamwa na kitu kilichosimama nyuma ya kuta zile. Mwaka 2024 UNESCO iliutia Gede katika Urithi wa Dunia. Ukiendelea kaskazini kupita Malindi, mwendo usiofika kilomita 60 kutoka Gede, unafika Ngomeni, na mbele ya ufuo wake, katika Ghuba ya Ungwana, ndiko yalikosimikwa majukwaa ya San Marco. Kutoka hapo, kati ya 1967 na 1988, Waitaliano na Wamarekani walirusha setilaiti tisa. Ile iliyoondoka tarehe 12 Desemba 1970, siku ya kuadhimisha uhuru wa Kenya, ilibatizwa jina Uhuru. Ilikuwa ya kwanza duniani kutengwa kwa ajili ya kuchunguza eksirei za angani, na vipimo vyake vilisaidia kuonyesha kwamba Cygnus X-1 ni shimo jeusi. Mvuvi wa Ngomeni aliona roketi zikipaa wakati nchi nyingi za Ulaya hazikuwa na mahali pa kurushia setilaiti. Nalitaja hili kwa sababu husemwa mara kwa mara kwamba mwandishi wa Kiswahili anayeweka chombo cha anga katika riwaya ameazima ndoto ya watu wengine.

Riwaya yenyewe ni Walenisi ya Katama Mkangi, iliyochapishwa 1995. Mkangi alikuwa mwana wa Ribe, Kilifi, penye kaya iliyo miongoni mwa misitu mitakatifu ya Mijikenda iliyoorodheshwa na UNESCO mwaka 2008. Alikuwa mwanasosholojia, mhadhiri wa Chuo Kikuu cha Nairobi, na kabla ya hapo alikuwa ametoa riwaya mbili, Ukiwa (1975) na Mafuta (1984). Mwaka 1986, katika msako wa waliodaiwa kuwa wa vuguvugu la siri la upinzani la Mwakenya, aliwekwa kizuizini bila kufunguliwa mashtaka. Mwaka 1997 aligombea urais. Alifariki 2004. Mhusika wake mkuu, Dzombo, ni mpinzani wa utawala dhalimu aliyehukumiwa kufa, na njia ya kumuua ni kumtia ndani ya chombo cha kwenda angani ambacho waliowahi kuingizwa humo hawarudi. Dzombo hafi. Chombo kinamfikisha kwenye sayari ya Walenisi, ambako watu wanaishi kwa usawa na hakuna anayemiliki jasho la mwenzake.

Wahakiki wameizoea Walenisi kama riwaya ya siasa, na wengine kama ndoto ya jamii bora. Tafsiri zote mbili ni sahihi, lakini zinaruka chombo. Kifikirie chombo kile kama mahali. Ni seli iliyofungwa, yenye giza la kutojua, ambamo aliyehukumiwa ameachwa na nafsi yake. Hicho ni chumba cha chini cha kasri la kigothi, ila kina injini. Na Kenya ya miaka ya 1980 haikuhitaji kulikopa kasri hilo kutoka Ulaya. Washukiwa wa Mwakenya walizuiliwa katika vyumba vya chini vya Nyayo House, jengo refu la ofisi katikati ya Nairobi. Walionusurika wamesimulia jinsi walivyofungwa macho, wakapigwa, wakasimamishwa siku nyingi ndani ya seli zilizojazwa maji, huku ghorofa za juu wananchi wakipanga foleni kutafuta pasipoti. Mwaka 2003 vyumba hivyo vilifunguliwa watu wakaviona. Hapakuwa na mzimu humo. Kulikuwa na lifti, mabomba ya maji, faili na wafanyakazi wa umma. Mwandishi aliyepitia kizuizi cha enzi ile, akitafuta umbo la kukibebea kitisho chake, asingetosheka na popo na mishumaa. Alihitaji kitisho chenye mashine, kwa sababu mashine huwa na walioiagiza, walioilipia na walioiwasha.

Hapo Mkangi anakutana na Mary Shelley, ingawa njia zao ni mbili. Shelley anamfuata aliyetengeneza, anakaa ndani ya moyo wake, anamsikiliza akijitetea. Mkangi hajali sana moyo wa mtengenezaji. Anamfuata aliyetiwa ndani ya kilichotengenezwa. Mashine iliyokusudiwa kuua inatekwa na mtu aliyekusudiwa kufa, na kitendo hicho kimoja kinaonyesha kwamba kitisho cha dola kilikuwa kazi ya mikono ya watu, hivyo mikono mingine yaweza kukigeuza. Msomaji wa riwaya ya mzimu hawezi kupewa tumaini la aina hiyo. Mzimu haushikiki usukani.

Wapo watakaopinga kwamba Walenisi haina sayansi ya kutosha: haielezi chombo kinakwenda kwa nguvu gani wala kinapenyaje anga. Kweli haielezi. Lakini Frankenstein pia haielezi. Victor anakataa katakata kumwambia nahodha Walton, anayeisikiliza hadithi yake, siri ya kuhuisha maiti, na maelezo ya umeme tunayoyaona katika sinema hayamo ndani ya riwaya ya 1818 kwa ukamilifu huo. Mary aliutaja umeme wa Galvani waziwazi katika utangulizi wa toleo la 1831. Kinachoifanya riwaya kuwa ya kisayansi ni kukubali kwake kwamba jambo lile limetendeka kwa maarifa ya binadamu, na kwamba maarifa yana mwenyewe. Kwa kipimo hicho Walenisi inapita. Udhaifu wake ninaouona mimi uko kwingine. Dzombo akishafika kwenye sayari, sehemu ndefu ya kitabu inakuwa maelezo ya jinsi jamii ile inavyoendeshwa, na hofu inayeyuka mapema mno. Jamii isiyo na doa haina cha kutisha, na riwaya iliyoanza kwa kutukaba koo inaishia kutufundisha. Shelley alikuwa mkali zaidi: hakumpa msomaji wake mahali pa kupumzika.

Ulinganisho na ndugu zake wa Kiswahili unasaidia kuona ulipo upekee wa Mkangi. Muhammed Said Abdulla, katika Mzimu wa Watu wa Kale (1960), alituita kwenye mzimu kisha akamleta mpelelezi wake, Bwana Msa, autatue kwa akili: hofu inaondolewa, mhalifu anabaki. Said Ahmed Mohamed, katika Babu Alipofufuka (2001), alimrudisha marehemu ili amsute mjukuu aliyeshiba jasho la umma: hofu inabaki, na hatia inabaki, lakini anayeileta ni mfu. Zote ni kazi nzuri. Ila hakuna kati ya hizo iliyofanya kitisho chenyewe kuwa kifaa.

Pingamizi zito zaidi halihusu fasihi. Katika kaunti ya Kilifi hofu inaua. Wazee huuawa kwa kushukiwa uchawi, mara nyingi kwa sababu ya mvi na macho mekundu, na nyuma ya tuhuma huwapo mara nyingi ugomvi wa ardhi na urithi; huko Ganze kituo cha Kaya Godoma kimekuwa kimbilio la walionusurika. Kuanzia Aprili 2023, katika msitu wa Shakahola nyuma ya Malindi, ilifukuliwa miili zaidi ya 400 ya watu walioelekezwa kufunga hadi kufa, na familia zikangoja vipimo vya DNA ili zijue wa kwao ni yupi. Mtu anaweza kusema, kwa uchungu wa haki, kwamba mahali palipofukuliwa makaburi mengi kiasi hicho hapahitaji hadithi za kutisha. Nalichukua pingamizi hilo kwa uzito wote. Lakini hofu ya Kilifi haikuletwa na riwaya na haitaondoka kwa kukosa riwaya. Ipo, inazunguka, inatafuta pa kutua, na isipoonyeshwa mwenyewe hasa hutua kwa mnyonge wa karibu. Huko ndiko kunakomrudisha Justine. Msomaji aliyemwona binti asiye na hatia akinyongwa ilhali msomi anayejua chanzo amenyamaza, amefundishwa kuuliza, tuhuma inapozuka kijijini, nani anajua zaidi ya anavyosema, na nani atafaidika mzee huyu akifa. Hadithi tupu ya uchawi haimfundishi hivyo. Inamfundisha kumtazama mzee.

Mumiani naye anahitaji kusomwa upya kwa jicho hilo. Taasisi ya utafiti wa tiba nchini, KEMRI, pamoja na Wellcome Trust, iliweka kituo chake cha utafiti mjini Kilifi mwaka 1989. Malaria ilikuwa ikiwamaliza watoto, na utafiti ulihitaji damu. Minong'ono ikazuka: damu inauzwa, pana ibada ya shetani. Watafiti wenyewe wameiandika minong'ono hiyo katika majarida yao bila kuidharau, nayo inastahili heshima hiyo, kwa sababu chini yake mna maswali halali kabisa. Mnachukua kiasi gani? Inakwenda wapi? Nani anafaidika? Jibu lililosaidia lilikuwa kuunda mtandao wa wawakilishi waliochaguliwa na jamii, wanaokutana na watafiti na kuwauliza maswali hayo ana kwa ana. Kilifi ikawa mojawapo ya mahali palipofanyiwa majaribio ya chanjo ya malaria iitwayo RTS,S, ambayo Shirika la Afya Duniani liliipendekeza kwa watoto mwaka 2021. Victor Frankenstein hakumwambia mtu, na hiyo ndiyo tofauti yote kati ya chumba chake cha juu na kituo kile.

Riwaya ya pili ya Kilifi baada ya Walenisi inaweza kuanzia hapo, na ingefaa iandikwe kwa Kiswahili na mtu anayezijua njia za Ganze na Magarini. Mhusika wake asiwe profesa. Awe mfanyakazi wa nyanjani, mtoto wa kijiji kile kile, anayebisha hodi asubuhi akiwa na kisanduku cha baridi na chupa ndogo zenye nambari, na jioni anakaa na shangazi zake wakisimulia habari za mumiani. Anajua damu inapelekwa wapi, kwa hiyo anadaiwa jibu kama Victor. Anatokea nyumba isiyo na mtetezi, kwa hiyo anaweza kushukiwa kama Justine. Shelley aliwagawa watu hawa wawili, mmoja akawa na maarifa na mwingine akafa kwa ajili yake. Katika kijiji kinachohesabu nani ni mtoto wa nani, wote wawili wangekuwa mtu mmoja, na usiku ambao mtoto wa jirani atafia hospitalini baada ya kutolewa damu, mtu huyo atalazimika kuchagua mlango wa kuubisha.